Kifua Kisichopona: Je, Kimekuwa Nimonia? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu umekusanya maswali ambayo watu huyarudia kwenye benchi la wagonjwa wa nje na mbele ya kaunta ya duka la dawa, pale kifua kilichoanza kama mafua kinapogoma kuondoka. Wengi huja wakiwa wamehesabu siku na kukagua rangi ya makohozi, na mambo hayo mawili yana uzito mdogo kuliko inavyodhaniwa. Yenye uzito zaidi ni mwelekeo wa ugonjwa, yaani kama unashuka au unapanda, na namna mgonjwa anavyopumua.

## Mambo ya msingi

1. Nimonia ni nini, na inatofautianaje na kifua cha kawaida?

Mtu anaposema ana kifua, mara nyingi anamaanisha kikohozi chenye makohozi, kubanwa, na pengine homa kidogo. Kwa kawaida maambukizi hayo yamekaa kwenye mirija inayopeleka hewa mapafuni, na jina lake la kitabibu ni mkamba. Mirija huvimba na kutoa ute mwingi, ndiyo maana mgonjwa hukohoa, lakini hewa bado inafika inakotakiwa kufika. Nimonia iko ndani zaidi. Maambukizi yameingia kwenye vifuko vidogo vya hewa vilivyo mwisho wa mirija hiyo, mahali ambapo oksijeni hupita kuingia kwenye damu, na vifuko hivyo vimejaa majimaji na usaha. Sehemu ya pafu iliyojaa hivyo haifanyi kazi hadi isafishike.

Tofauti ya mahali ndiyo inayoleta tofauti ya dalili. Mwenye mkamba anaweza kukohoa usiku kucha na bado akaweza kuzungumza, kutembea na kula. Mwenye nimonia anaweza kukohoa kidogo tu, lakini anahema kwa kazi nyepesi, ana homa inayomtetemesha, na mara nyingi anahisi maumivu makali upande mmoja wa kifua kila anapovuta pumzi, yale ambayo watu huyaita kichomi. Ikumbukwe kwamba kichomi ni dalili, na nimonia ni mojawapo tu ya magonjwa yanayokileta.

2. Kikohozi cha kawaida hukaa siku ngapi?

Hukaa siku nyingi kuliko watu wanavyotarajia. Wengi hudhani kwamba kikohozi kinapaswa kwisha ndani ya wiki moja, ilhali wastani wa kikohozi cha mkamba ni kama siku 18, na wapo wanaofikisha wiki tatu au zaidi bila tatizo lolote jipya. Virusi huwa vimekwisha kuondoka mapema. Kinachobaki ni ngozi laini ya ndani ya mirija iliyochubuka, ambayo hujirekebisha taratibu na huku ikichokozeka kwa vumbi, moshi, kicheko au hewa baridi ya asubuhi.

Kwa hiyo kikohozi cha siku ya kumi na mbili ambacho kinapungua, kwa mtu asiye na homa wala shida ya kupumua, si nimonia iliyojificha. Hata hivyo, katika mazingira ya Afrika Mashariki wiki mbili zina maana nyingine ambayo haipaswi kupuuzwa, na imeelezwa katika swali la 10.

3. Makohozi yangu yamekuwa ya njano, sasa ni ya kijani. Je, ndiyo nimonia?

La, si lazima. Rangi hiyo hutokana na chembe nyeupe za damu zinazopambana na maambukizi, na huonekana katika maambukizi ya virusi kama inavyoonekana katika yale ya bakteria. Haitoshi kuthibitisha nimonia, na haitoshi kuwa sababu ya kuanza antibayotiki. Makohozi yenye rangi ya kutu au yenye damu ni jambo tofauti: hayo yanahitaji kuonwa na mtaalamu siku hiyo hiyo, hata kama damu ni michirizi tu.

4. Ni dalili zipi zinapaswa kunitoa nyumbani kwenda hospitali?

Kwa mtu mzima, nenda ukaonwe leo ikiwa una homa ya nyuzi 38 au zaidi ambayo imeendelea kwa siku kadhaa pamoja na kikohozi, ikiwa unapata kichomi unapovuta pumzi, ikiwa unahema kwa kazi ambayo wiki iliyopita hukuhema, au ikiwa unatetemeka kwa baridi hadi meno yanagongana.

Usisubiri kesho, wala zamu ya kliniki, ikiwa mgonjwa hawezi kumaliza sentensi bila kukatisha ili avute pumzi, anapumua mara 30 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, amechanganyikiwa au analala usingizi usio wa kawaida, au midomo na ulimi vimekuwa na rangi ya kijivu au buluu. Kwa watu wenye ngozi nyeusi rangi hiyo haionekani vizuri usoni, kwa hiyo fungua mdomo, tazama ulimi, ufizi na upande wa ndani wa midomo. Mpeleke mgonjwa wa namna hiyo kwenye kituo chenye oksijeni. Kituo cha karibu kisicho nayo kinaweza kumpotezea saa ambazo hana. Dalili za watoto ni tofauti na ziko katika swali la 16.

5. Nilikuwa nimeshaanza kupona, nikapata siku mbili tatu nzuri, kisha homa ikarudi. Ina maana gani?

Hili ni miongoni mwa maswali muhimu zaidi katika ukurasa huu, na kwa bahati mbaya huulizwa kwa kuchelewa. Mafua makali ya influenza, na virusi vingine vya njia ya hewa, huharibu kwa muda kinga ya ndani ya mirija, na bakteria waliokuwa wakiishi kooni bila madhara hupata nafasi ya kushuka mapafuni. Bakteria anayeongoza kwa kuleta nimonia kwa namna hii ni Streptococcus pneumoniae, ambaye watu wengi, hasa watoto, humbeba puani bila kujua.

Ugonjwa wa aina hii una umbo lake: mtu anaumwa, anapata nafuu ya kweli, anarudi kazini au sokoni, kisha ghafla homa inapanda, kikohozi kinazidi na kichomi kinaanza. Kurudi nyuma huko kuna uzito kuliko idadi ya siku. Mtu aliyekohoa kwa wiki tatu huku akipungua yuko salama zaidi kuliko aliyekohoa siku saba, akapona, na siku ya tisa akaamka anatetemeka.

## Uchunguzi na vipimo

6. Daktari amenisikiliza kifua tu na hakunipiga picha. Je, nimepuuzwa?

Huenda hukupuuzwa. Kwa mtu ambaye joto lake, mapigo ya moyo na kasi ya kupumua viko sawa, na ambaye kifua chake hakina sauti za mkwaruzo sehemu moja, uwezekano wa nimonia ni mdogo, na picha ya eksirei haiongezi mengi. Unachopaswa kudai ni kwamba vitu hivyo vimepimwa kweli: joto, mapigo, pumzi kwa dakika, na oksijeni kama kifaa kipo, na kwamba kifua kimesikilizwa mgongoni, chini hadi kwenye mbavu za mwisho, kwani huko ndiko nimonia nyingi hukaa. Kugusisha stetoskopu mara mbili kifuani juu ya shati si uchunguzi.

7. Picha ya eksirei imetoka safi, lakini bado najisikia vibaya. Inawezekana imekosea?

Inawezekana. Katika siku ya kwanza au ya pili ya nimonia picha inaweza kuonyesha mapafu safi, hasa kwa mgonjwa aliyepungukiwa maji mwilini, na kivuli kikajitokeza baadaye. Sehemu ya pafu iliyojificha nyuma ya moyo nayo huonekana kwa shida katika picha iliyopigwa kutoka upande mmoja tu. Hali ikizidi kuwa mbaya, rudi ukapimwe upya. Picha safi ya juzi haikufungii mlango wa leo.

Kinyume chake pia hutokea: mtu amepona na anatembea vizuri, lakini picha bado ina kivuli. Pafu husafishika taratibu, na kivuli kinaweza kubaki kwa wiki sita au zaidi baada ya mgonjwa kujisikia mzima.

8. Nina kile kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni. Nikisomeje?

Kwa mtu mwenye mapafu ya kawaida, aliyeketi ametulia katika maeneo ya pwani au mwinuko wa kawaida, kipimo cha asilimia 95 na kuendelea ni cha kawaida. Kati ya 90 na 94 kinahitaji kuonwa na mtaalamu, na chini ya 90 ni dharura. Wanaoishi kwenye miinuko mikubwa husoma namba za chini kidogo hata wakiwa wazima, kwa hiyo ni vyema kujua namba yako ya kawaida kabla hujaugua.

Kifaa hiki hufanya kazi kwa kupitisha mwanga katika kidole, kwa hiyo rangi ya kucha, hina nyeusi na piko, pamoja na vidole baridi, vinaweza kuvuruga kipimo. Bibi harusi wa wiki iliyopita na apimwe kwenye kidole kisichopakwa au kwenye ndewe ya sikio. Zaidi ya hayo, vifaa hivi huweza kusoma juu kuliko ukweli kwa watu wenye ngozi nyeusi. Namba nzuri isiyolingana na hali ya mgonjwa isiaminiwe kuliko mgonjwa mwenyewe: anayehema kwa shida ni mgonjwa, hata kama kioo kinaandika 96.

9. Nimepimwa malaria na imeonekana. Kumbe kikohozi na homa vilikuwa malaria?

Pengine, na pengine unazo zote mbili. Malaria na nimonia hufanana sana, hasa kwa watoto, kwa kuwa zote huleta homa na kupumua haraka, na katika maeneo yenye malaria nyingi mtu anaweza kuwa na vimelea kwenye damu wakati kinachomuumiza hasa ni mapafu. Kipimo cha malaria chenye majibu chanya kinadai dawa ya malaria, lakini hakimwondolei mtaalamu wajibu wa kuhesabu pumzi na kusikiliza kifua.

## Ikiwa si nimonia

10. Nimekohoa wiki mbili. Kwa nini naambiwa nipime kifua kikuu wakati mimi ni mzima wa mwili?

Kwa sababu katika nchi zetu kikohozi cha wiki mbili au zaidi ni sababu inayotosha kupimwa kifua kikuu, pasipo kujali unene, cheo wala mtaa unaokaa. Nimonia ya bakteria huja kwa kasi: ndani ya siku mbili tatu mtu yuko kitandani. Kifua kikuu hunyemelea, kikiwa na kikohozi kinachoendelea wiki hadi wiki, homa ndogo za jioni, kutokwa jasho usiku hadi shuka linalowa, kupungua uzito na kukosa hamu ya kula. Mtu anayedhani ana "nimonia isiyopona" kwa mwezi mzima, huku akiwa ametumia dozi mbili za antibayotiki tofauti, kwanza na apimwe kifua kikuu.

Kipimo kinachotumika sana sasa ni cha makohozi kwa mashine ya GeneXpert, ambayo hutoa majibu kwa takriban saa mbili ikishaanza kazi, na huonyesha pia kama vimelea ni sugu kwa rifampisini, mojawapo ya dawa kuu za kifua kikuu. Tanzania na Kenya hutoa kipimo na dawa bila malipo katika vituo vya umma. Kosa la kawaida ni kupeleka mate badala ya makohozi. Vuta pumzi ndefu mara kadhaa, kohoa kutoka ndani, tena ikiwezekana asubuhi kabla ya kula. Kipimo cha hadubini kinaweza kukosa vimelea vichache, na ndiyo maana Morogoro shirika la APOPO limefundisha panya buku kunusa tena sampuli zilizokwisha kupimwa vituoni, na panya hao wamegundua wagonjwa waliokuwa wameambiwa hawana kitu.

11. Sina homa wala makohozi, ila kikohozi kikavu hakiniachi mwezi wa pili sasa. Ni nini?

Bila homa, bila kichomi na bila kuhema, nimonia ya bakteria haikai miezi miwili kimya namna hiyo. Kifua kikuu kikishaondolewa katika orodha, kuna mambo kadhaa ambayo huwa hayaulizwi mapema vya kutosha. La kwanza ni dawa za shinikizo la damu. Kundi la captopril, enalapril na lisinopril huleta kikohozi kikavu kwa baadhi ya watumiaji, na kinaweza kuanza wiki au miezi baada ya dawa. Usiiache dawa ya presha kwa uamuzi wako, bali mwambie aliyekuandikia akubadilishie kundi; kikohozi huisha ndani ya wiki chache.

La pili ni pumu, ambayo kwa watu wazima wengine huja kama kikohozi cha usiku na alfajiri bila ule mluzi unaojulikana. La tatu ni tindikali ya tumbo inayopanda kooni, hasa kwa anayekula ugali saa nne usiku na kulala saa nne na nusu. Kwa mzee, au kwa mwenye presha ya muda mrefu, kikohozi kinachozidi anapolala chali na kupungua anapoketi, pamoja na miguu kuvimba, huenda kinatoka kwenye moyo uliochoka. Na shida ya kupumua iliyokuja ghafla, bila mafua yoyote kutangulia, kwa mtu ambaye mguu wake mmoja umevimba au aliyejifungua au kufanyiwa upasuaji karibuni, inaweza kuwa bonge la damu mapafuni, ambalo ni dharura.

## Dawa na tiba

12. Nimemaliza dozi ya amoksilini na bado nakohoa. Je, dawa imeshindwa?

Jiulize kwanza kama homa imeondoka. Dawa ikiwa sahihi, homa na hali ya jumla huanza kubadilika ndani ya siku mbili hadi tatu, ilhali kikohozi hubaki nyuma kwa wiki kadhaa. Mtu asiye na homa, anayekula na kupumua vizuri, hahitaji dozi ya pili kwa sababu tu bado anakohoa.

Ikiwa homa bado ipo baada ya siku tatu za dawa, mtaalamu anapaswa kufikiri upya, na sababu ni nyingi. Huenda kimelea ni cha aina ambayo amoksilini haikigusi: bakteria aitwaye Mycoplasma, kwa mfano, hana ukuta wa seli ambao dawa hiyo huushambulia, na nimonia yake huwa ya pole pole kiasi kwamba mgonjwa anaendelea kwenda kazini akikohoa. Huenda ni virusi, au ni kifua kikuu. Huenda pia maji au usaha umejikusanya kati ya pafu na ukuta wa kifua, na hapo hakuna kidonge kitakachotosha hadi usaha utolewe.

13. Kwa nini nisinunue tu antibayotiki dukani na kuona kama itasaidia?

Kuna sababu moja inayojulikana, na nyingine isiyosemwa sana. Inayojulikana ni usugu: vile vidonge vya rangi mbili vinapotumiwa kwa kila mafua, bakteria wa familia nzima hujifunza kuvikwepa. Isiyosemwa sana ni kwamba baadhi ya antibayotiki kali, hasa levofloksasini na ndugu zake, hupunguza vimelea vya kifua kikuu bila kuvimaliza. Mgonjwa anapata nafuu ya wiki mbili, makohozi yanatoka safi kwenye kipimo, na ugonjwa unarudi ukiwa umechelewa kugunduliwa na pengine umekuwa sugu. Nafuu ya namna hiyo huwa ghali.

Ninaelewa kwamba foleni ni ndefu na nauli ni pesa. Ikiwa duka la dawa ndilo pekee lililo karibu, basi lifanye likusaidie kwa jambo linaloweza: liulize kama lina kipima joto na kifaa cha oksijeni, na mwambie muuzaji dalili zako zote badala ya kumtajia jina la dawa.

14. Vipi tangawizi, asali, kujifukiza na dawa za maji za kikohozi?

Asali hutuliza kikohozi, na kwa watoto wa zaidi ya mwaka mmoja inasaidia usiku. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe kabisa, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vinavyotoa sumu ya kupooza misuli. Chai ya tangawizi na maji ya uvuguvugu havina ubaya. Kujifukiza hulegeza kamasi kwa muda, lakini mvuke haufiki kwenye vifuko vya hewa wala hauui kimelea, na sufuria ya maji ya moto chini ya shuka imeunguza watu wengi, watoto hasa. Dawa nyingi za maji za kikohozi hazibadilishi urefu wa ugonjwa.

Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachotibu nimonia. Vitumike kwa raha ya mgonjwa wakati anapona, na visiwe sababu ya kumchelewesha nyumbani.

15. Je, nimonia inaletwa na feni, maji ya baridi au kutoka bila sweta?

Nimonia huletwa na vimelea, na feni haina vimelea vyake yenyewe. Wazazi wetu hawakukosea kabisa kuona kwamba ugonjwa huongezeka miezi ya baridi, kwani huo ndio wakati watu wanapojifungia ndani pamoja, madirisha yanapofungwa na jiko linapoingizwa chumbani. Moshi wa kuni na mkaa ni chanzo cha kweli cha kudhoofisha mapafu, hasa ya mtoto anayebebwa mgongoni na mama anayepika. Kumvika mtoto sweta tatu kisha kumlaza karibu na jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa ni hatari mara mbili, kwani hewa ya sumu ya mkaa huua watu usingizini.

## Watoto

16. Nitajuaje kama kikohozi cha mwanangu kimekuwa nimonia?

Hesabu pumzi zake. Mtoto awe ametulia, halii wala hanyonyi; funua kifua na tumbo, tazama saa, hesabu kila kifua kinapopanda kwa dakika nzima. Kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, 60 au zaidi ni haraka mno. Kuanzia miezi 2 hadi 11, mpaka ni 50. Kuanzia mwaka mmoja hadi kabla ya kutimiza mitano, mpaka ni 40. Hivi ni viwango vya Shirika la Afya Duniani, na ndivyo vinavyotumiwa na wahudumu wa zahanati. Mama mwenye simu yenye saa anaweza kuvitumia vizuri vilevile. Mtoto mwenye kikohozi anayefikia au kuzidi kiwango cha umri wake apelekwe kituoni siku hiyo. Mchanga wa chini ya miezi miwili apelekwe mara moja.

Kisha tazama sehemu ya chini ya kifua. Ikiwa inabonyea ndani kila anapovuta hewa, mtoto anatumia nguvu zake zote kupumua. Nenda usiku huo huo ukiona kubonyea huko, au hata moja kati ya haya: kukoroma kila anapotoa pumzi, kushindwa kunyonya au kunywa, kutapika kila kitu, degedege, au kulegea asiamke vizuri. Kifua kinachokwaruza kwa kamasi unapokigusa, kwa mtoto anayecheza na kunyonya kama kawaida, hakina uzito huo hata kama sauti yake inatisha.

17. Bibi anasema kikohozi hiki ni kimeo na kinapaswa kukatwa. Kuna ukweli?

Kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya koo, na kila mtu anacho. Hakisababishi kikohozi cha muda mrefu. Mtoto anapokohoa sana, koo lote huvimba, na kimeo nacho huonekana kirefu. Kukikata nyumbani kumesababisha vifo kwa kutokwa damu na kwa maambukizi, pepopunda ikiwamo, na mara nyingi mtoto aliyekatwa alikuwa na nimonia au kifua kikuu ambacho kiliendelea bila tiba.

Bibi huyo anastahili heshima, kwa kuwa ameona kwa usahihi kwamba kikohozi kimezidi, na mara nyingi ndiye aliyekiona kabla ya wengine. Mwombe mwende naye kituoni. Akimwona mhudumu akihesabu pumzi na akieleza, atakuwa mlinzi mzuri wa mtoto kuliko mtu yeyote nyumbani.

18. Mtoto amechanjwa kila kitu. Anaweza bado kupata nimonia?

Anaweza, ingawa uwezekano wa kupata ile mbaya umepungua sana. Chanjo dhidi ya Streptococcus pneumoniae iliingia katika ratiba ya Kenya mwaka 2011 na ya Tanzania mwanzoni mwa 2013, na hutolewa wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Chanjo ya pentavalenti, ile ya kinga tano kwa sindano moja, nayo huzuia bakteria mwingine mkuu, Haemophilus influenzae aina ya b. Lakini chanjo hizo hazizuii kila aina ya bakteria, wala virusi vingi vinavyoleta nimonia kwa watoto wachanga. Kadi iliyojaa isikuzuie kuhesabu pumzi kama ilivyo katika swali la 16.

## Hali za pekee

19. Mzee wetu hana homa, ila amekuwa mnyonge na anaongea vitu visivyoeleweka. Inaweza kuwa nimonia?

Ndiyo. Kwa watu wenye umri wa miaka 65 na kuendelea nimonia mara nyingi huja bila homa na bila kikohozi cha maana. Huonekana kama kuchanganyikiwa, kuanguka, kukataa chakula au kujikojolea kwa mtu ambaye hakuwa hivyo. Familia husema ni uzee. Uzee hauji kwa siku mbili. Mhesabie pumzi, na akifikia hali iliyoelezwa katika swali la 4 apelekwe bila kusubiri homa.

20. Ninaishi na VVU, au nina selimundu (sickle cell), au ni mjamzito. Je, ushauri ni ule ule?

La, kizingiti chako cha kwenda hospitali kiko chini zaidi. Kwa anayeishi na VVU, hasa ambaye kinga imeshuka au hajaanza dawa, kuna nimonia inayoletwa na fangasi aitwaye Pneumocystis, ambayo huja taratibu kwa wiki kadhaa: kikohozi kikavu, na pumzi inayozidi kuwa fupi hadi kupanda ngazi chache kunakuwa kazi, huku picha ikionekana karibu safi. Septrini wanayopewa wateja wa kliniki huzuia nimonia hiyo, na kuiacha kiholela ni hatari. Kipimo cha kifua kikuu kwao hakisubiri wiki mbili. Kikohozi cha siku yoyote kinatosha.

Kwa mwenye selimundu, homa pamoja na maumivu ya kifua ni dharura ya saa, kwani chembe za damu zinaweza kuziba mishipa ya mapafu na hali ikabadilika ndani ya usiku mmoja. Mjamzito naye hupumulia wawili na ana akiba ndogo ya hewa. Aende mapema, na asikubali kunyimwa eksirei inayohitajika kweli, kwa kuwa mionzi ya picha ya kifua ni midogo sana kwa mtoto aliye tumboni.

21. Nimetibiwa nimonia na nimeruhusiwa kutoka hospitali. Nitachoka hivi hadi lini?

Kwa wengi homa huisha ndani ya wiki moja, maumivu ya kifua na makohozi hupungua sana kufikia wiki ya nne, na kikohozi na kuhema kufikia wiki ya sita. Uchovu unaweza kubaki hadi miezi mitatu. Wanaotegemea mwili kula, kama wapagazi, wakulima na waendesha bodaboda, ndio huumizwa zaidi na ratiba hiyo, kwa hiyo ni vyema kuanza na nusu siku pale inapowezekana. Kinachokubalika ni uchovu unaopungua. Homa mpya, au pumzi inayorudi kuwa fupi baada ya kuwa nzuri, inakurudisha kwenye swali la 5.

22. Hii ni mara ya pili ndani ya mwaka, na daktari anasema ni upande ule ule. Nifanye nini?

Usikubali kupewa dozi nyingine na kuruhusiwa bila maelezo. Nimonia inayorudi mahali pale pale inaashiria kwamba kuna kitu kinachozuia sehemu hiyo kusafishika: uvimbe ndani ya mrija, mrija uliopanuka kwa sababu ya kifua kikuu cha zamani, au kitu kilichomezwa vibaya kikaingia njia ya hewa, kama punje ya karanga kwa mtoto. Omba picha nyingine baada ya wiki sita, hasa ikiwa unavuta sigara au umevuka miaka 50, na ikiwa kivuli bado kipo, omba rufaa kwenda hospitali yenye kipimo cha sitiskani (CT scan) na wataalamu wa mapafu. Nenda na picha zako za zamani, zote, hata zile ulizoambiwa ni safi, maana mtaalamu ataziweka pamoja na kuona ni lini kivuli kilianza.